Hela ya mteja ikiingia benki bado haijawa mapato

Msimu wa kufunga hesabu ukifika, simu zinazokuja dawatini kwetu ni zile zile, kampuni ya programu za wingu, zile mteja anazitumia kupitia mtandao, inauliza kwa nini mkaguzi kakata mapato yake wakati hela ipo benki inaonekana. Najua wengi wenu hamna nia mbaya, hesabu mnazifunga usiku mkiwa mmechoka, lakini hili tumelisema sana na bado tunaletewa kosa lile lile, kwa hiyo leo nalieleza kwa kirefu.

Mteja akilipia mwaka mzima siku ya kwanza, siku hiyo wewe umeingia kwenye deni. Unadaiwa huduma, yaani miezi 12 ya kuweka seva hewani, kulinda data zake na kumletea maboresho, na kila mwezi ukipita unalipa kipande cha hilo deni, hicho kipande ndo mapato. Ndivyo inavyotaka IFRS 15, kiwango cha kimataifa cha kuhesabu mapato ya mikataba, ilitoka Mei 2014 na inatumika tangu 1 Januari 2018, na Wamarekani wana kiwango chao, ASC 606, kilichotoka pamoja nayo na kwenye hili kinasema vile vile, kwa hiyo msituambie mwekezaji wa nje anahesabu kivingine.

Kuna wanaojibu "sisi tunauza leseni". Hapana jamani. Neno leseni kwenye mkataba halibadilishi kitu, tunaangalia mteja anapata nini hasa. Kama hawezi kuichukua programu akaiendesha kwenye mashine zake mwenyewe, anaingia tu kupitia mtandao, basi kanunua huduma, na huduma inahesabiwa kadiri siku zinavyokwenda.

Faili moja nililolifungua: invoisi ya 120,000 imeandikwa 28 Desemba, mkataba unaanza 1 Januari, na barua pepe ya kumpa mteja jina la kuingilia na neno la siri imetumwa 9 Januari. Kiasi chote kimeingizwa mapato ya Desemba! Mapato ya Desemba hapo ni sifuri, na hata Januari unaanza kuhesabu siku mteja alipoweza kuingia kweli, sio tarehe iliyo juu ya invoisi. Tena kama alikuwa hajalipa na anaweza kujitoa bila gharama, hata kumwandika mdaiwa mapema huruhusiwi, unavimbisha pande zote mbili za mizania, mali na madeni, bure.

Panapowachanganya zaidi ni vifurushi, na hapa naomba mtulie. Umeuza mwaka mmoja wa programu pamoja na mafunzo kwa 120,000, huduma inaanza 1 Oktoba. Ukiviuza mbalimbali programu ni 120,000 na mafunzo ni 30,000, jumla 150,000. Programu ni asilimia 80 ya hiyo jumla, mafunzo 20, kwa hiyo ile bei ya kifurushi unaigawa 96,000 na 24,000. Mafunzo yameisha Oktoba, unahesabu 24,000 yote. Programu mpaka 31 Desemba imetumika miezi 3, unahesabu 24,000 nyingine. Mapato ya mwaka ni 48,000, na 72,000 inabaki kama dhima ya mkataba, yaani lile deni la huduma, ambayo wengi mnaiita mapato yaliyoahirishwa. Kuandika mafunzo "bure" kwenye invoisi hakuyafuti kwenye hesabu.

Ada ya kumfungulia mteja akaunti nayo kwa kawaida haihesabiwi siku ya kwanza hata kama hairudishwi, maana kufungua akaunti peke yake hakumpi mteja huduma yoyote. Unaitandaza kwenye muda wa huduma. Na punguzo unalompa kwa sababu mfumo ulizimika linakata mapato, acheni kuliweka kwenye gharama za matangazo.

Kila mkataba unasomwa kivyake, haya ni maelezo ya jumla na hayachukui nafasi ya mkaguzi wako. Ila msiseme ni mambo ya karatasi tu. Enzi wingu halijashika, kampuni ya programu ya Marekani, Computer Associates, ilikuwa inaacha vitabu wazi baada ya robo mwaka kuisha ili mikataba iliyosainiwa kwa kuchelewa ihesabiwe ya robo iliyopita. Kilichopindwa ni tarehe, alafu ikafuata kuwaficha wapelelezi ukweli. Mwaka 2004 kampuni ikakubali kuwalipa wanahisa dola milioni 225, na 2006 aliyekuwa mkurugenzi mkuu wake, Sanjay Kumar, akahukumiwa miaka 12 jela.

Ukigundua umekosea usilifukie kosa ndani ya mwezi huu ukitegemea litajisawazisha. Kama ni kubwa, IAS 8, kiwango cha kimataifa kinachohusu kusahihisha makosa ya hesabu, inataka urudi kwenye miaka iliyoguswa, urekebishe takwimu zake na ueleze kwenye taarifa kosa lilikuwa nini na limebadilisha kiasi gani. Anza na orodha ya mikataba yote iliyokuwa hai siku ya kufunga mwaka, kila mmoja na tarehe ya mteja kuingia mara ya kwanza, tarehe ya mwisho, bei, na kilichobaki kutolewa. Jumla ya hela uliyopokea kwa huduma ambayo hujaitoa lazima ilingane na dhima iliyopo kwenye mizania, na isipolingana mtafute mkaguzi wako kabla hujasaini.