Jina lilelile, jibu jingine: kuhama kutoka NumPy 1.26 kwenda 2.0

Wengi wetu tukitaka kupandisha toleo la maktaba ya programu huuliza kwanza: kipi kimeondolewa? Hilo ndilo swali jepesi. NumPy, maktaba ya Python ya kukokotoa namba (kwenye msimbo huitwa `np`), ilipotoa toleo la 2.0 Juni 2024, ikiwa toleo kuu la kwanza tangu 1.0 ya mwaka 2006, majina kama `np.float_`, `np.NaN` na `np.product` yalifutwa. Ukiita mojawapo, programu inasimama palepale na kukutajia faili na mstari. Kosa linalopiga kelele halinisumbui.

Orodha ya majina hayo unaitengeneza mwenyewe. Andaa mazingira mawili ya Python, moja lenye 1.26 na jingine 2.0. Katika kila moja pitia `dir(np)`, andika kila jina la hadharani pamoja na vigezo vyake kwa `inspect.signature`, kisha linganisha mafaili mawili kwa `diff`. Fanksheni zilizoandikwa kwa C, kama `np.array`, zitakurudishia ValueError badala ya vigezo. Hizo ziandike kwa jina tu. Kusahihisha msimbo wenyewe iachie Ruff, programu inayokagua msimbo wa Python, kwa kanuni yake NPY201.

Sasa jaribu hii: `np.uint8(100) + 200`.

Kwenye 1.26 jibu ni 300. Kwenye 2.0 ni 44. Jina halijabadilika, vigezo ni vilevile, na `diff` haina la kusema. Kilichobadilika ni kanuni ya kuchagua aina ya namba. Zamani NumPy iliangalia thamani yenyewe ndipo iamue aina ya jibu, hivyo mstari mmoja uliweza kutoa aina tofauti kutegemea data iliyoingia siku hiyo. Siku hizi namba ya kawaida ya Python inafuata aina ya mwenzake. Uint8, yaani namba kamili ya biti 8 isiyo na hasi, inaishia 255, kwa hiyo 300 inazunguka na kuwa 44. Kwa maoni yangu uamuzi ni mzuri, na ulichelewa. Onyo lipo, lakini kwa kawaida Python hulionyesha mara moja tu kwa kila mstari, na kwenye logi ndefu za seva nani ataliona?

Upande wa pili hakuna hata onyo. Safu ya float32 (namba za desimali za biti 32) ukiijumlisha na `np.float64(3)` zamani ilibaki float32. Sasa inakuwa float64, na kumbukumbu ya kompyuta (RAM) inayotumika ni mara mbili.

Ndiyo maana kazi kubwa huifanya kabla ya kuhama. Ukiwa bado kwenye 1.26, weka mpangilio wa mazingira `NPY_PROMOTION_STATE=weak_and_warn` kisha endesha majaribio yako yote: utaonywa kila mahali ambapo kanuni mpya ingebadilisha jibu. Maonyo yatakuwa mengi mno, na mengi hayana madhara, kwa hiyo anza na sehemu zinazogusa picha na data ya float32. Halafu pitisha data ileile kwenye matoleo yote mawili, ulinganishe thamani pamoja na `dtype`, yaani aina ya namba. Usiitegemee `assert_allclose`, fanksheni ya NumPy ya kulinganisha thamani kwenye majaribio, peke yake, maana isipoambiwa haikagui aina.

Kagua pia chochote kinachogeuza orodha kuwa maandishi. `str([np.float64(2.5)])` ilikuwa ikitoa `[2.5]`, sasa inatoa `[np.float64(2.5)]`, na ikishaingia kwenye CSV hivyo, anayeisoma upande wa pili ataikuta kama maandishi tu.