Je, Wajua? Kwa Nini Afisa wa Misitu Mombasa Huuliza Mwezi Kabla ya Kuuliza Saa

Afisa wa misitu aliyesomea chuo cha misitu cha Londiani, kule bara kwenye baridi na misonobari, akihamishiwa Mombasa hujifunza jambo moja kabla ya yote: msitu wake mpya hufungwa na kufunguliwa. Sehemu kubwa ya msitu wa serikali hapa ni mikoko, na mikoko huingiwa na bahari mara mbili kila siku. Asubuhi unapita kwa miguu, alasiri papo hapo unapita kwa mtumbwi. Ndiyo maana swali la kwanza ofisini si "saa ngapi tutoke?" bali "mwezi ni wa ngapi leo?"

Kwa hesabu ya mpango wa kitaifa wa mikoko wa 2017 hadi 2027, Kenya ina hekta 61,271 za mikoko, na Mombasa ina 3,771. Zaidi ya nusu iko Lamu. Mikoko ya Mombasa imekaa kwenye mikono ya bahari inayoingia nchi kavu: hori la Tudor linaloingia hadi Mikindani na Jomvu, Port Reitz na Mwache upande wa magharibi, na Mtwapa kaskazini mpakani na Kilifi. Tangazo la serikali la 1932 liliifanya mikoko ya pwani kuwa msitu wa serikali, na leo inasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, KFS, chini ya sheria ya misitu ya 2016.

Sasa mwezi unaingiaje? Mwezi ukiandama, na tena ukifika kumi na tano, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, tukapata bamvua. Pale Kilindini tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu tunapata maji mafu, na tofauti hushuka hadi mita moja na kitu. Wavuvi wanalijua hilo tangu utotoni. Wasichokizingatia wengi ni saa: hapa Mombasa, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, saa nne asubuhi ndipo maji yamejaa. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mamlaka ya Bandari huchapisha jedwali la maji la mwaka mzima, na nakala yake ofisini huwa imechakaa kuliko faili lolote.

Bamvua basi ni zawadi: maji yametoka kabisa katikati ya asubuhi, mchana kweupe, na mtu anaweza kuingia hadi safu ya mwisho ya miti. Lakini bamvua hiyohiyo ndiyo inayowanasa wageni. Maji hayaji kwa mwendo mmoja. Chukua tofauti ya mita 3: saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75 tena, kisha hulegea. Na sakafu ya mikoko haiko chini kabisa, iko kuanzia usawa wa kati wa bahari kwenda juu. Kwa hiyo kuanzia saa nne hadi saa sita unafanya kazi kwenye tope kavukavu huoni kitu, ukadhani una muda. Kumbe mikondo midogo uliyoivuka asubuhi imeshajaa nyuma yako, na maji yatakapofika miguuni yatakuwa kwenye kasi yao kubwa kuliko zote. Utaratibu wa kikosi chenye akili ni kugeuza saa tano na nusu na kuwa nje kabla ya saa saba, hata kama kazi imebaki kidogo.

Mwendo wenyewe nao una ufundi wake. Buti za mpira zinazofaa msitu wa bara, humu hunyonywa na tope hadi mtu akaacha kiatu akatoka na soksi. Viatu vya turubai vya kufunga kamba, vilivyokazwa, ndivyo vinavyofaa. Miguu mitupu haifai kabisa, maana chaza waliong'ang'ania mizizi ya mkoko hukata kama wembe na kidonda cha tope hakiponi upesi. Penye mkoko mtu hukanyaga juu ya mizizi yake iliyopinda kama matao. Penye mchu hukanyaga katikati ya mizizi ya kupumulia iliyosimama kama misumari, na huko ardhi huwa ngumu zaidi.

Tumetaja mkoko na mchu kwa sababu "mikoko" ni jina la jumla la aina tisa zilizoko Kenya, na afisa asiyezitofautisha hawezi kuandika ripoti ya maana. Upande wa bahari kuna mlilana, kisha mkoko wenyewe, muia, mkandaa, na karibu na nchi kavu mchu, ambao pia hujitokeza mbele baharini. Mkomafi na msikundazi hupatikana kwa uchache, sehemu za juu. Tofauti hizi si za kitabuni. Mkoko ukikatwa chini ya majani yake umekufa, hauchipui tena. Mchu na mlilana hukatwa zikachipua. Kwa hiyo visiki kumi vya mchu ni hasara inayoweza kujirudisha ikiachwa, lakini visiki kumi vya mkoko ni pengo.

Kisiki husomwa. Kilichokatwa bapa ni cha msumeno, chenye mteremko ni cha panga. Ganda la ndani la mkoko likikatwa ni jekundu lenye maji, siku zikipita hukolea na kuwa kahawia. Dalili bora kuliko zote ni takataka: vibanzi, vumbi la msumeno na vitawi vyenye majani mabichi. Maji yakipanda hadi pale huvisomba vyote. Ukivikuta bado vimelala, basi mti umeangushwa baada ya maji ya mwisho kutoka, yaani saa chache zilizopita, na mkataji huenda hajatoka msituni.

Na kwa nini hajatoka? Kwa sababu mkoko mbichi ni mzito, hauelei, huzama. Huwezi kuufunga mafungu ukayaburura juu ya maji kama magogo ya mtoni. Lazima upakiwe kwenye mtumbwi, na mtumbwi hauingii ndani mpaka maji yajae. Basi kukata ni kazi ya maji kupwa, kubeba ni kazi ya maji kujaa. Siku za bamvua hiyo ina maana ya kukata usiku saa nne na kutoa mzigo saa kumi alfajiri, gizani. Doria inayoanza saa mbili asubuhi kwa ratiba ya serikali hukuta visiki tu. Doria inayofuata jedwali hujibanza kwenye mdomo wa mkondo alfajiri na kungoja mtumbwi uje wenyewe.

Mzigo ukikamatwa hauandikwi "miti mingi". Huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kupangwa kwa unene: fito nyembamba zisizozidi sentimita 4 hivi, kisha pau, boriti, nguzo, hadi banaa zinazovuka sentimita 20. Huandikwa aina ya mti, mahali, saa na hali ya maji, kwa sababu mshtakiwa atasema aliikuta ikielea, na hakimu huenda hajui kwamba mkoko mbichi hauelei. Sheria ya 2016 imeweka faini isiyopungua shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, kwa anayekata msituni bila kibali. Kesi nyingi huanguka kwa hesabu mbovu ya siku ya kwanza kuliko kwa wakili hodari.

Wakataji wa boriti hata hivyo si adui pekee. Ndani ya Tudor kuna wapika chang'aa wanaojificha humo kwa sababu kuni ziko mkononi na polisi hawapendi tope. Kuni za mikoko huwaka kwa moto mkali wa muda mrefu, kitu hasa kinachotakiwa na pipa la kutonesha pombe. Wanaongoja kuona moshi huchelewa. Njia ya uhakika ni kufuata vijia vilivyochakazwa vya wabeba maji matamu, maana pombe haipikwi kwa maji ya chumvi.

Wa tatu ndiye mgumu zaidi, naye haji na panga. Huja na lori la kifusi. Nyuma ya mikoko, kati ya mchu wa mwisho na nchi kavu, kuna uwanja mweupe usio na mti, udongo wa chumvi tupu. Ukiuona siku za maji mafu utaapa kwamba ni kiwanja kinachongoja nyumba: hauguswi na maji kwa siku kadhaa mfululizo. Ni bamvua tu inayoufikia, na alama ya bamvua ndiyo mwisho wa bahari. Mtu humwaga kifusi gizani malori mawili matatu, akangoja, akaongeza, akajenga ukuta. Afisa akienda kupima siku za maji mafu atakuwa anapima hewa. Inampasa aende siku ya pili ya bamvua, alasiri saa kumi, maji yakiwa kileleni, apige picha maji yakilamba ukuta, achukue vipimo vya mahali kwa kifaa cha setilaiti. Picha hiyo ina nguvu kuliko maneno kumi.

Kifusi chenyewe huua hata miti kisiyoigusa. Mkondo ukizibwa, maji yaliyoingia hayatoki na yanayotakiwa hayaingii. Chumvi hujikusanya na mizizi hukosa hewa. Tope nalo hufanya vivyo hivyo: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo wa mashambani hadi Mwache, ukaifukia mizizi ya kupumulia, na mikoko mingi ikafa imesimama. Pale Makupa maji yalizuiwa na barabara ya tuta kwa miongo mingi, hadi daraja lilipofunguliwa 2022.

Kupanda ndiyo kazi inayoonekana kwenye picha za viongozi, na ndiyo inayoharibika kirahisi. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, ndefu kama fimbo fupi. Iliyokomaa ina pete ya manjano pale inaposhikana na tunda. Ya kijani tupu ukiivuta kwa nguvu, umeiua. Ikishachumwa hulazwa kivulini siku chache ili kaa wasiifurahie sana. Huchomekwa theluthi moja tu, ncha iliyochongoka chini na kichwa chenye chipukizi juu. Hili la mwisho laonekana jepesi, lakini kila zoezi kubwa huacha mbegu kadhaa zimepandwa kichwa chini, miguu juu. Kwa nafasi ya mita moja kwa moja, hekta hula mbegu 10,000.

Kosa kubwa ni mahali. Uwanja mtupu wa tope ulio mbele ya miti unavutia, lakini kama haujawahi kuwa na mikoko, kuna sababu: uko chini mno, mche hukaa majini muda mrefu, ukavaa gamba la makombe madogo na mwani mpaka ukainama. Kosa la pili ni siku. Wengi hupanda kileleni mwa bamvua kwa vile uwanja umekauka, na kesho yake maji makubwa yanawang'olea. Afadhali siku mbili tatu baadaye, maji yakianza kulegea, ili mizizi ipate zaidi ya wiki moja ya kushika kabla ya bamvua nyingine. Kisha hufuata kuhesabu miche iliyopona na kuziba mapengo, kazi isiyo na mpiga picha.

Wiki za maji mafu afisa hukaa nchi kavu: mahakamani, vibali vya kusafirisha mbao, mikutano na vyama vya jamii vinavyolinda msitu pamoja na KFS, na kitaluni. Mbegu za mchu huloweshwa usiku mmoja zivue ganda kabla ya kutiwa kwenye vifuko. Tunda la mlilana huloweshwa siku kadhaa mpaka lioze, ndipo vijimbegu vyake vidogo vitoke.

Linalobaki kuwa tatizo ni sherehe. Siku ya Mazingira ni Juni 5 na Siku ya Mikoko ni Julai 26, miaka yote, hata mwezi ukiwa nusu. Basi la wageni huwasili saa nne asubuhi na kukuta maji yamejaa hadi kwenye majani ya miti midogo. Afisa aliyezoea huwa ameshaliona kwenye jedwali tangu Januari, na wageni hao hukuta wanangojewa na lundo la tope, vifuko elfu mbili vitupu, na kivuli cha kujazia.