Zimwi sio mzimu, na wala sio jini

Juzi tena nimekaa na watoto tunaangalia muvi ya kutafsiriwa, limetoka jitu porini, meno kama majembe, linakamata watu linatafuna, mtafsiri anapiga kelele "mizimu hiyo inakuja!", baada ya muda kidogo jitu lilelile limeshakuwa jini. Nimesikia hivi mara nyingi mno na sasa hata watoto nao wanasema hivyohivyo, ngoja niliseme.

Kwa kifupi, zimwi ni jitu la hadithini linalokula watu, mzimu ni roho ya mtu aliyekwisha kufa, na jini ni kiumbe mwingine kabisa ambaye hajawahi kuwa mtu, Kurani inasema ameumbwa kwa moto.

Kinachowachanganya watu nakielewa, maana zimwi na mzimu ni ndugu kweli, mzizi wao ni ule mmoja wa -zimu tuliorithi kutoka kwenye Kibantu cha zamani sana, na ndio uliotupa kuzimu wanakokaa wafu, ukatupa Mzimuni pale Magomeni, Dar es Salaam, ukatupa hadi wazimu, yaani mwendawazimu asili yake ni mtu anayekwenda na mizimu yake kichwani. Sasa angalia ngeli inavyofanya kazi. Ukitoa m- ya mzimu ukaliweka neno kwenye ngeli ya li-/ya-, ile ambayo mtu anageuka jitu, unapata zimu au zimwi, kitu kikubwa cha kutisha chenye mwili na njaa. Na sio sisi tu, Wasotho wa kusini mwa Afrika wanamwita Mungu Molimo, wahenga wao ni balimo, halafu wala watu wa kwenye hadithi zao ni malimo, mzizi uleule jamani, kiambishi tu kimebadilika na hakuna Msotho atakayekuambia ni kitu kimoja! Wakikuyu nao zimwi lao ni irimu.

Jini hayumo kwenye ukoo huu hata kidogo. Limetoka kwenye Kiarabu, mzizi wenye maana ya kufichika, na huko nako mtu aliyeingiliwa na majini wakamwita majnuni, yaani kichaa. Mimi hapa huwa nasisimka, lugha mbili zisizo na undugu zimepita njia moja kuueleza ugonjwa wa akili, kila moja kwa viumbe vyake.

Ukisema haya utaambiwa "ah, si yote mashetani tu". Hapana. Mzimu unapelekewa ubani na chakula pangoni au chini ya mbuyu, kwa heshima, kwa sababu ni wa kwenu. Jini anaulizwa jina na dini yake na anataka nini mpaka aondoke. Zimwi unalikimbia au unalidanganya, basi. Kuna ile hadithi ya pwani ya binti aliyerudi peke yake ufukweni kufuata kombe lake zuri la baharini alilolisahau juu ya jiwe, zimwi likamtia ndani ya ngoma likawa linazunguka naye vijijini, likipiga ngoma yeye anaimba, mpaka likafika kwao na wazazi wakaijua sauti. Hapo ungeweka mzimu? Roho ya marehemu babu yako ibebe ngoma ikatafute ubwabwa kijiji hadi kijiji? Hata methali inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, yaani kula kumo ndani ya methali yenyewe.

Jini la ile taa ya Aladdin ni jini kweli, hilo mtafsiri hakukosea. Kazi yake naipenda na Jumamosi tutaangalia tena na watoto, ila ndugu yangu, lile la meno lililotoka porini lilikuwa zimwi.