Herufi unazosoma hapa zimepita mikononi mwa watawa: tunachosoma hasa kwenye Zama za Kati na Renesansi

Kila nikirudi Tanga lazima mjomba aniulize, "eti ulisomea nini vile?" na nikimwambia utamaduni wa Zama za Kati na Renesansi, yani Ulaya ya kama karne ya 5 mpaka ya 16, anaitikia "aah, wale wafalme na vita vya msalaba." Wafalme wapo kweli na vita vya msalaba vipo, ila mi niko Italia mwaka wa kumi sasa, digrii ya pili nimeimalizia hukuhuku na siku hizi nasaidia kufundisha wanafunzi wapya kusoma miandiko ya zamani, na wiki yangu ya kwanza darasani hakutajwa mfalme hata mmoja. Tuligawiwa fotokopi ya ukurasa wa kitabu cha karne ya 14, kila mtu na yake, tukaambiwa haya someni.

Herufi ni hizihizi zetu, a b c d. Na darasa zima hakuna aliyefika mwisho wa mstari wa kwanza.

Shida ni kwamba kwenye mwandiko wa Gothiki, ule uliotumika Ulaya mwishoni mwa Zama za Kati, herufi nyingi zinaundwa na kijiti kimoja kilekile kilichosimama, i ni kijiti kimoja na mara nyingi haina nukta, n na u vijiti viwili, m vitatu, afu vyote vinabanana kama fito za ukuta wa udongo. Chukua neno la Kilatini minimum, hesabu mwenyewe, ni vijiti 15 vimejipanga safu moja na ni kazi yako kujua kipi kinaenda na kipi. Halafu kuna kubana maneno. Mnakumbuka enzi za SMS ya herufi 160 tulivyokuwa tunakata irabu ili ujumbe usiingie wa pili ukalipa mara mbili? Ndo hivyohivyo, kuandika kulikuwa na gharama na kulichukua muda kwahiyo mwandishi anakata. Ukiona p yenye mkia uliopigwa kistari soma "per", kistari kikiwa juu ya kichwa soma "pre", mkia ukiwa na kikunjo cha kushoto soma "pro", na kialama kama namba 7 ni "et" yani "na". Kistari kidogo juu ya irabu maana yake kuna m au n imemezwa hapo. Mwitaliano Adriano Cappelli alikusanya vifupisho hivi kwenye kamusi aliyoitoa 1899, viko kama elfu 14, na mpaka leo haikauki mezani kwetu.

Hiyo ndo inaitwa paleografia, na kwangu ndo moyo wa fani nzima. Kuna masomo ya picha, muziki, sheria, teolojia, utachagua, ila bila kusoma mwandiko unabaki kutegemea alichokusomea mwenzio.

Kilatini lazima, na hapa wabantu tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Wenzangu walihangaika sana na kwamba sifa lazima ifuate nomino, sisi tumezaliwa nayo. Vitabu vikubwa vile, vi-vi-vi. Kwa Kilatini libri magni illi, i-i-i. Wao wanapatanisha mwishoni mwa neno sisi mwanzoni, basi, vinginevyo mantiki ni ileile na mi nilijikuta nawaelekeza watu ambao wamekulia umbali wa saa mbili kutoka Roma.

Sasa niwaambie kuhusu ngozi maana hapa naweza nikaongea mpaka usiku. Vitabu vingi kabla karatasi haijaenea Ulaya viliandikwa kwenye ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi. Kama umewahi kuona fundi anavyowamba ngozi ya mbuzi kwenye ngoma umeshaelewa nusu ya kazi, ngozi inalowekwa kwenye chokaa manyoya yalegee, inawambwa kwenye fremu ikiwa mbichi, afu fundi anaipara kwa kisu cha umbo la mwezi huku inakauka ikiwa imevutwa mpaka inakuwa nyembamba na imara. Siku ya kwanza nimeshika jani la namna hiyo nililipeleka dirishani nikaliinamisha mwanga uje kwa pembeni, na nikaviona vitundu vidogovidogo vya vinyweleo, vimejipanga kabisa kama kwenye mgongo wa mnyama. Upande wa manyoya una unjano kidogo, upande wa nyama ni mweupe na laini zaidi. Mafundi walikuwa wanapanga manyoya yatazamane na manyoya na nyama itazamane na nyama, ili ukifungua kitabu popote kurasa mbili zifanane rangi. Kwahiyo ukifungua sehemu ukakuta njano inatazamana na nyeupe simama hapohapo, kuna uwezekano mkubwa jani limechanwa au limepotea, na hiyo umeijua kabla hujasoma neno hata moja.

Wino nao ni habari nyingine. Mti wa mwaloni ukitagwa mayai na nyigu fulani unatoa uvimbe mgumu kama gololi, huo uvimbe unasagwa unalowekwa, unachanganywa na chumvi ya chuma na gundi ya mgunga, inatoka rangi nyeusi inayozama kwenye ngozi na kukaa karne. Ila ukikosea kipimo asidi inakula mpaka herufi zinadondoka zenyewe zinaacha matundu, nimeziona.

Ukifika Firenze kuna maktaba inaitwa Laurenziana, humo ndani ipo Biblia inaitwa Codex Amiatinus, majani zaidi ya 1,000 ya ngozi, uzito kilo 34 na ushee, yani sio kitabu cha kubeba kwapani. Ni Biblia nzima ya Kilatini ya zamani kuliko zote zilizobaki zikiwa kamili kwenye juzuu moja. Kwa muda mrefu watu walijua imetengenezwa Italia kwa sababu ukurasa wa kutabaruku, yani wenye shairi la kumtaja anayetoa kitabu kama zawadi, una jina la mtu wa Italia. Ila ukiangalia vizuri ngozi pale kwenye jina imekwanguliwa na jina limeandikwa juu ya mkwaruzo, na mizani ya shairi haikai. Karne ya 19 wataalamu wakalifuatilia, na ikaja kuonekana wasifu wa abate, yani mkuu wa monasteri, mmoja wa Uingereza anaitwa Ceolfrith umehifadhi shairi lenyewe kama lilivyokuwa mwanzo. Yeye ndo aliyeagiza kitabu hicho kwenye monasteri yake ya Wearmouth-Jarrow kaskazini ya Uingereza, akaondoka nacho mwaka 716 akiwa mzee kwenda kumpa Papa zawadi, akafia njiani kule Langres, Ufaransa. Kitabu kikaendelea na safari. Baadaye mtu akakwangua jina lake akaweka la mwingine, na karne nyingi zikapita bila mtu kumtaja Ceolfrith mbele ya kazi yake. Hii stori nikiifundisha huwa nasimama kidogo, inaniuma kweli.

Sasa turudi kwenye herufi maana ndo nilichotaka hasa kukwambia. Hebu tazama a na g na n unazosoma kwenye simu yako hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1400 kule Firenze kulikuwa na wasomi, Poggio Bracciolini na Niccolò Niccoli ni kati yao, waliochoshwa na Gothiki iliyobanana, na walikuwa wanasaka kazi za Warumi wa kale kwenye maktaba za monasteri. Poggio alikwenda mpaka St. Gallen, Uswisi, mwaka 1416 akakuta kitabu kizima cha Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa Roma ya kale, na vitabu vingine pia. Walivyovifungua hivyo vitabu vya zamani wakakuta mwandiko wa duara, umeachana vizuri, unasomeka, wakasema huu ndo mwandiko wa Warumi wenyewe, wakauita "herufi za kale" na wakaanza kuuiga. Kumbe hawakuwa Warumi. Walikuwa watawa wa karne ya 9 mpaka ya 12, mwandiko wenyewe ulienea enzi za Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, katikati kabisa ya hizo Zama za Kati ambazo hao wasomi walikuwa wanaziona giza. Walichodhani wanakifufua kutoka Roma walikitoa kwa watawa, na hata maandishi ya Roma yenyewe mengi yalikuwepo tu kwa sababu mtawa fulani kwenye baridi alikaa akanakili.

Gutenberg alipopiga chapa Biblia yake Mainz kama mwaka 1455 alitumia Gothiki. Lakini uchapaji ulipofika Italia miaka ya 1460 wachapaji wakageukia mwandiko wa wale wasomi, Nicolas Jenson akauchonga vizuri sana Venezia mwaka 1470, na 1501 Aldus Manutius hukohuko Venezia akatoa herufi za kulala, zile unazobonyeza kupata italiki. Kutoka hapo ni mstari mmoja mpaka kwenye skrini yako. Kwetu zikaja kwa wamisionari, Krapf alifika Mombasa 1844 akaanza kukiandika Kiswahili kwa herufi hizi, wakati watu wa pwani walikuwa wanaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla, kuna barua za Kiswahili kutoka Kilwa za miaka ya 1710 na kitu ziko mpaka leo kwenye nyaraka za Goa, India. Babu yangu mzaa mama aliandika hivyo barua zake zote. Baada ya kufa tulikuta mkoba wake na katika wajukuu hakuna aliyeweza kuzisoma, na nadhani hapo ndo mi nilipoanzia, kabla hata sijajua kuna somo linaitwa paleografia.

Kwahiyo mtu akiniuliza Renesansi ilianza lini huwa simpi mwaka. "Zama za Kati" ni jina ambalo kina Petrarch, mshairi wa Italia wa karne ya 14, na waliomfuata waliandaa njia yake kwa kujiona wao wametoka gizani, na "Renesansi" kama jina la kipindi kizima lilishika karne ya 19 kupitia vitabu vya wanahistoria, Michelet 1855, Burckhardt 1860. Mtu wa Firenze wa mwaka 1420 hakuamka asubuhi akakuta zama zimebadilika, sheria zilezile, sikukuu zilezile, kengele zilezile. Ndo maana vyuo vingi siku hizi vinafundisha vipindi hivi viwili kwa pamoja na mi naona ndo sawa.

Tukiwa kwenye kengele, ndani ya kanisa kuu la Firenze juu ya mlango mkubwa kuna saa aliyoichora Paolo Uccello 1443, ina namba 24 na mshale wake unaenda kinyume na saa zetu. Siku inahesabiwa kuanzia jua kuzama. Wenzangu Wajerumani na Wamarekani walichora michoro ubaoni kuelewa, mi sikuhitaji, maana saa ya kwanza ni saa moja baada ya magharibi, si ndo saa moja usiku hiyo? Na Ijumaa kwetu pwani si inaingia Alhamisi jua likishazama? Waitaliano waliishi na hesabu hiyo karne na karne.

Mwaka nao. Firenze mwaka mpya ulikuwa tarehe 25 Machi, sikukuu ya Gabrieli kumpasha habari Bikira Maria. Kwahiyo barua iliyoandikwa Februari 1398 kwa hesabu yetu ni Februari 1399. Nilipoanza utafiti wangu nilisahau hilo, nikapanga rundo la barua kwa tarehe kama zilivyo, nikakaa wiki nzima sielewi mbona majibu yanatangulia maswali. Ikabidi nipange upya zote.

Barua zenyewe ni za Prato, jirani na Firenze, za mfanyabiashara Francesco Datini. Alipoteza wazazi kwenye tauni ya 1348, akaenda Avignon, Ufaransa, bado kijana mdogo, akatajirika, akarudi, akafa 1410 mali nyingi akawaachia maskini wa mji. Alikuwa hatupi karatasi. Mwaka 1870 zilipatikana kwenye nyumba yake chini ya ngazi, barua karibu 150,000 na vitabu vya hesabu zaidi ya 500. Mke wake Margherita mara nyingi alikuwa Prato na yeye Firenze, na kati yao zilipita barua pamoja na mikate, nguo za kufua, maagizo ya wafanyakazi, ugomvi wa ndoa. Mwanzoni anamtamkia karani anaandika. Afu miaka ya 1390, mtu mzima tayari, anaanza kuandika kwa mkono wake mwenyewe, na huhitaji mtaalamu kukuonyesha, herufi zinapanda na kushuka, zina ukubwa tofauti, wino umekolea pale alipokawia.

Mwaka huu nilimpa mwanafunzi mmoja picha ya barua moja ya Margherita, zipo bure mtandaoni. Alikaa nayo zaidi ya nusu saa hasemi kitu. Afu akaanza kwa sauti ya chini, al nome di Dio, kwa jina la Mungu, akaendelea mpaka tarehe, akanyanyua kichwa akaniuliza kama na huyu anahesabu mwaka kuanzia Machi.