Nyumba iliyomlea Charlotte Brontë: dhana potofu na ukweli

"Alizuka na kipaji, akaandika Jane Eyre bila mazoezi."
Riwaya hiyo ilipotoka Oktoba 1847, Charlotte, mwandishi Mwingereza, alikuwa na miaka 31, na zaidi ya nusu ya umri huo alikuwa akiandika. Juni 1826 baba yake, mchungaji wa Haworth, kaskazini mwa Uingereza, alimletea mwanawe Branwell askari wa mbao wa kuchezea. Kila mtoto akachagua wake, akampa jina, na michezo yao ikazaa nchi za kubuni. Habari za nchi hizo waliziandika katika vijitabu walivyoshona wenyewe. Kimoja cha Charlotte, cha 1830, kina upana wa milimita 35 na urefu wa 61, herufi zimebanwa zifanane na za mtambo wa chapa, kwa sababu wasomaji walikuwa askari wale wale. Walipokua, Charlotte na wadogo zake Emily na Anne walikuwa wakiizunguka meza ya chumba cha kulia usiku, wakisomeana kazi zao na kukosoana. Hiyo ndiyo shule yake ya uandishi, na wengi huiruka.

"Baba yao alikuwa katili."
Sifa hiyo ilienezwa na wasifu wa Charlotte ulioandikwa na mwandishi Elizabeth Gaskell mwaka 1857. Toleo la tatu, la mwaka huo huo, liliondoa baadhi ya visa. Baba huyo, Patrick Brontë, aliwaachia mabinti zake wasome magazeti ya siasa na hata mashairi ya Byron, mshairi Mwingereza. Agosti 1846 Charlotte alimpeleka Manchester kupasuliwa mtoto wa jicho, bila dawa ya usingizi. Huko, akimuuguza katika nyumba ya kupanga, ndiko alikoanza Jane Eyre.

"Helen Burns ni wa kubuni tu."
Mhusika huyo wa Jane Eyre anatokana na Maria, dada mkubwa wa Charlotte. Maria na dada mwingine, Elizabeth, waliugua kifua kikuu wakiwa shule ya bweni, wakafariki 1825 wakiwa na miaka 11 na 10. Charlotte, mwenye miaka 9, akabaki ndiye dada mkubwa.

"Wachapishaji ndio waliowapa nafasi."
Nafasi ya kwanza Charlotte, Emily na Anne waliinunua. Mama yao mkubwa, Elizabeth Branwell, aliyewalea baada ya mama yao kufariki 1821, aliwaachia urithi alipofariki 1842. Mwaka 1846 walilipa pauni 31 na shilingi 10 ili mashairi yao yachapishwe. Mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 2. Bado Emily na Anne walitoa pauni 50 nyingine kwa ajili ya riwaya zao.