Langalanga: uwanja wa mbio za magari ni nini, na hufanya kazi gani siku zisizo na mbio

Mtangazaji wa michezo akishamaliza habari za Simba na Yanga, akifika kwa Lewis Hamilton, dereva wa mbio za magari, neno lake ni moja tu: langalanga. Dereva wa langalanga, gari la langalanga, msimu wa langalanga. Hapa Mwanza tumelisikia redioni tangu utotoni, na wengi wetu tukadhani ni mlio wa injini uliogeuzwa kuwa neno, kama ilivyokuwa kwa pikipiki. Kumbe ni jina la mahali. Katika Bonde la Ufa nchini Kenya, upande wa Nakuru, miaka ya 1950 palikuwa na uwanja wa mbio za magari ulioitwa Langa Langa. Watu walikwenda kutazama magari ya Langa Langa, na taratibu jina la uwanja likawa jina la mchezo wenyewe. Injini zikanyamaza, neno likabaki.

Kwangu mimi jambo hilo ni zito. Kiswahili kiliupa mchezo huu jina la ardhi, hakikuupa jina la gari. Na ukitaka kuuelewa uwanja wa mbio, anza hapo hapo, kwenye ardhi.

Uwanja wa mbio za magari ni barabara inayojirudia yenyewe. Unaanzia kwenye mstari, unapita kona zote, unarudi kwenye mstari ule ule bila kugeuza gari, na muda wote huo hakuna mtu, ng'ombe wala baiskeli inayoruhusiwa kukatiza. Mambo mawili basi: inarudi, na imefungwa. Fundi umeme anaijua dhana hii kwa jina la saketi: waya ukikatika mahali pamoja tu, taa haiwaki. Njia ya mbio nayo ni hivyo. Ikiwa na mwanya mmoja wa kuingilia watu, si uwanja tena. Ni barabara ya kawaida yenye magari yanayokimbia.

Safari moja ya kuuzunguka uwanja huitwa mzunguko, na mbio huhesabiwa kwa mizunguko. Hapo ndipo uwanja unapoachana na rali. Rali ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1953 ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari lilitoka sehemu moja kwenda nyingine, likishindana na saa, na mtazamaji aliyejipanga porini aliliona mara moja likamezwa na vumbi. Joginder Singh na Shekhar Mehta, mabingwa tuliowasikia kwa wazee wetu, walikuwa watu wa rali.

Tofauti hiyo niliielewa vizuri nikiwa nimesimama Igoma, asubuhi ya mbio za baiskeli. Kanda ya Ziwa tunaipenda baiskeli, hilo halina ubishi. Tulijazana kando ya lami tangu alfajiri, watoto wamepanda juu ya mawe wapate kuona mbali. Kundi likaja: mlio wa minyororo, pumzi, jezi zilizoloa jasho mgongoni. Sekunde ishirini hivi, limepita. Mama muuza karanga aliyekuwa karibu yangu alikuwa ameinama akifunga vipimo kwenye karatasi. Alipoinua kichwa alikuta migongo. Tukakaa juani saa mbili na zaidi tukisubiri warudi. Kwenye uwanja wa mzunguko mama yule angewaona tena na tena, angejua nani anachoka na nani anajibana, na karanga zake zingeisha.

Uwanja wa namna hii haukubuniwa kwa ajili ya raha ya mtazamaji, hata hivyo. Ulizaliwa na misiba. Mwanzoni magari yalishindana kutoka mji hadi mji, kwenye barabara za vumbi zilizojaa watu waliokuja kuona kioja. Mwaka 1903 yalitoka Paris kuelekea Madrid. Vumbi lilimziba dereva macho, watu walisogea hadi katikati ya njia, na ajali za siku ya kwanza tu ziliua madereva, mafundi na watazamaji, akiwemo Marcel Renault, mmoja wa ndugu walioanzisha magari ya jina hilo. Serikali ya Ufaransa ikasimamisha mbio Bordeaux, nusu ya safari haijafika. Miaka mitatu baadaye, karibu na Le Mans, Wafaransa walifanya Grand Prix ya kwanza kwenye barabara zilizofungwa kuwa mzunguko. Mzunguko mmoja ulikuwa na kilomita 103. Ukitoka Mwanza mjini unafika Magu na kuipita mbali, bado hujamaliza mzunguko mmoja, na wao waliuzunguka mara 12 kwa siku mbili.

Uingereza ilikuwa na shida yake. Sheria ya wakati ule ilikataza kupita maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, kwenye barabara za umma. Ungelijaribu wapi gari unalotengeneza? Tajiri mmoja, Hugh Locke King, akatoa ardhi yake huko Surrey na fedha zake mwenyewe, na mwaka 1907 ukafunguliwa uwanja wa Brooklands, wa kwanza duniani kujengwa mahususi kwa mbio za magari. Ulikuwa wa zege, urefu kama kilomita 4.4, na kona zake ziliinuliwa upande wa nje kufikia karibu mita 9, kama ukuta uliolazwa. Gari likiingia kwa kasi linaegemea ukuta huo badala ya kutupwa nje. Hata kabla ya mbio za kwanza, dereva S. F. Edge aliuzunguka kwa saa 24 mfululizo bila kupokezana usukani, akapita kilomita 2,500. Majirani hawakulala. Malalamiko yao yalifanya mbio za usiku zipigwe marufuku, ndiyo maana mwaka 1929, walipotaka mbio za saa 24, ilibidi wakimbie kwa muda wa saa kumi na mbili mchana, magari yafungiwe usiku, kisha muda kama huo tena kesho yake.

Uwanja huo huo wa magari ukawa pia uwanja wa ndege. Ndani ya mzunguko marubani wa mwanzo walijifunza kuruka, viwanda vikajengwa, na vita vilipoingia mwaka 1939 mbio zilikoma, kazi ikawa ndege peke yake. Leo ni makumbusho, na vipande vya ukuta ule wa zege bado vimesimama.

Silverstone, uwanja mwingine wa Uingereza, ulikwenda kinyume chake: ulianza kama uwanja wa ndege za kivita, vita vilipokwisha madereva wakaitumia barabara iliyouzunguka, na tarehe 13 Mei 1950 mbio za kwanza za ubingwa wa dunia wa Formula 1, daraja la juu la mchezo huu, zikafanyika hapo.

Wamarekani nao walijenga Indianapolis mwaka 1909, hasa ili viwanda vya magari vya jimbo la Indiana vipate mahali pa kujaribia. Mashindano ya kwanza kufanyika pale yalikuwa ya maputo ya kupaa angani. Magari yalipoingia Agosti, kokoto zilizoshikizwa kwa lami zilifumuka, watu wakafa, na wenye uwanja wakaamua kuutandika matofali milioni 3.2. Mengi yamefunikwa kwa lami siku hizi, isipokuwa ukanda mwembamba kwenye mstari wa kumalizia, ambao washindi huupigia magoti na kuubusu. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia uwanja ulitengenezewa ndege za jeshi. Mwaka 2021 watu wa jiji lile walipanga foleni humo humo wakiwa ndani ya magari yao, wakichanjwa chanjo ya korona. Ukiwa na mahali penye milango michache, lami pana na nafasi ya kuegesha maelfu ya magari, daktari naye anapahitaji.

Tusisahau kuwa si kila uwanja ni wa kudumu. Monaco, ambako mbio zilianza mwaka 1929, hufunga mitaa yake kila mwaka, huweka vizuizi vya chuma, magari hukimbia kati ya majumba na maji kwenye mzunguko wa kilomita 3.337, kisha vizuizi huondolewa na watu wanarudi kupeleka watoto shule. Mwenyeji wa Mwanza hahitaji picha kuuelewa mji ule. Zunguka rasi ya Capri Point alfajiri, pamoja na wale wanaokimbia kupunguza uzito: mlima, kona, nyumba juu ya mawe, ziwa chini yako, halafu unajikuta umerudi ulipoanzia. Miguu yako imeshaelewa mzunguko ni nini.

Nürburgring wa Ujerumani, uliofunguliwa mwaka 1927, ulijengwa pia ili kuwapa kazi watu wa milima ya Eifel waliokuwa hawana ajira. Sehemu yake ya kaskazini ina kilomita 20.8, na siku nyingi mwananchi wa kawaida hulipa kiingilio akaingia na gari lake la kwenda kazini, wakati siku nyingine viwanda hulipia kujaribu magari mapya. Viwanja vingi vinaishi hivyo, kwa kukodishwa: mafunzo ya udereva, matamasha, maonyesho, baiskeli. Mbio kubwa zinazooneshwa kwenye televisheni hula siku chache tu za mwaka.

Na kinachojaribiwa pale hushuka hadi kwetu. Mwaka 1953 magari ya Jaguar yalishinda mbio za saa 24 za Le Mans yakiwa na breki za diski, wakati breki za wengine, zile za brekishuu ndani ya dramu, zilikuwa zinapata moto na kuishiwa nguvu. Kila anayeshuka mlima wa Bugando na abiria kumi na wanne nyuma yake anazihitaji breki zinazovumilia joto.

Wakimbiaji pia wamevitaka viwanja hivi. Tarehe 6 Mei 2017 Eliud Kipchoge alikimbia urefu wa marathoni kwa saa 2 na sekunde 25, na hakuwa kwenye barabara ya mji wowote. Alikuwa ndani ya uwanja wa Monza, Italia, akizunguka kipande cha kilomita 2.4. Waliuchagua kwa sababu lami yake ni laini na tambarare, hakuna gari litakalochomoza, na kila baada ya dakika chache anapita mbele ya watu wale wale.

Lakini habari inayonigusa kuliko zote ni ya Alex Zanardi. Dereva huyu Mwitaliano alipoteza miguu yote miwili mwaka 2001, mbioni, kwenye uwanja wa Lausitzring nchini Ujerumani. Mwaka 2012, Paralimpiki ya London ilipopeleka mashindano ya baiskeli kwenye uwanja wa magari wa Brands Hatch, Zanardi aliingia na baiskeli ya kuendeshwa kwa mikono, akatoka na medali mbili za dhahabu. Kwenye mbio zetu za baiskeli hapa Mwanza washiriki wenye ulemavu nao wana zamu yao, wakisukuma kwa mikono kwenye barabara ile ile ya malori. Kila ninapowatazama namkumbuka yeye, na namna lami ya Brands Hatch ilivyokuwa tupu mbele yake.

Usalama ndiyo roho ya dhana hii. Pembeni ya kona huwekwa changarawe nyingi. Gari likiteleza huzama humo likapoteza kasi, ingawa siku hizi sehemu nyingi hutumia lami pana kwa sababu changarawe inaweza kulipindua gari. Nyuma yake kuna matairi yaliyofungwa pamoja, kisha ukuta. Waamuzi husimama na bendera: ya njano inasema punguza mwendo wala usimpite mwenzako, nyekundu inasema mbio zimesimama. Daktari yupo tayari kabla injini haijawashwa.

Afrika si wageni wa haya. Kyalami, karibu na Johannesburg, ulifunguliwa mwaka 1961 na Formula 1 ilikimbia hapo kwa mara ya mwisho mwaka 1993. Casablanca nchini Morocco ilipata zamu yake mwaka 1958. Na kwenye ziwa hili hili letu, Garuga karibu na Entebbe pamewahi kuunguruma pikipiki za kuruka matuta.

Sisi tunakimbizana barabarani. Kijana wa jirani yetu Nyakato alivunjika paja usiku mmoja kwenye barabara ya Musoma kwa dau la shilingi elfu ishirini, na aliyegongana naye alikuwa anarudi zake kazini kwa baiskeli, hana taarifa ya dau wala mbio. Wote wawili walikuwa Paris kwenda Madrid, mwaka 1903.

Nyuma ya mtaa wetu kuna kiwanja cha mpira ambacho asubuhi hutumiwa na mwalimu wa udereva. Ana Corolla kuukuu yenye herufi L iliyobandikwa kwa gundi na mawe manne aliyoyapaka chokaa. Mwanafunzi anaanzia jiwe la kwanza, anazunguka la pili, la tatu, la nne, anarudi. Mwalimu hasemi sana. Akiona mtoto anakatiza, anainua mkono na gari linasimama, hata kama mwanafunzi alikuwa anafanya vizuri. Kwa miezi mingi tairi zimekula majani pakabaki duara la udongo mwekundu, limeshindiliwa gumu kama sakafu. Jioni Corolla ikiondoka watoto wanalirukia, mmoja anapiga honi kwa mdomo, na wanahesabu mizunguko kwa sauti.