Gustav Mahler alivyoishika Opera ya Vienna, 1897

Nafundisha uongozaji wa kwaya na okestra, na wanafunzi wangu wanaotunga wana swali lao moja: nikikabidhiwa jumba kubwa la opera, nitapata wapi muda wa kutunga? Mimi huwapeleka Vienna, mwaka 1897, kati ya Mei na Oktoba. Katika miezi hiyo mtunzi Gustav Mahler aliingia Opera ya Kifalme akiwa mwongozaji mmoja kati ya kadhaa, akaishia kuwa mkurugenzi.

Hakufika kama mwanagenzi. Alikuwa na miaka 36, na alikwisha kufanya kazi Kassel, Prague, Leipzig, Budapest na Hamburg. Simfoni yake ya Tatu aliimaliza kiangazi cha 1896, lakini ingengoja hadi 1902 ndipo isikike nzima. Jumba alilolitamani lilifunguliwa mwaka 1869, lilikuwa mali ya Mfalme Mkuu wa Austria, Franz Joseph, na wapigaji wake ndio haohao walioifanya Okestra ya Filhamoni ya Vienna. Mahler alizaliwa Myahudi, na katika mji ule, ambako chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa siasa ya wazi, Myahudi asingepewa cheo hicho cha kifalme. Tarehe 23 Februari 1897 akabatizwa Mkatoliki huko Hamburg. Hiyo ndiyo bei ya kwanza aliyolipa, na kila anayesimulia mafanikio yake aitaje.

Alipofika, mkurugenzi alikuwa Wilhelm Jahn, aliyekalia kiti hicho tangu 1881 na sasa macho yakimsumbua. Pembeni yake alikuwa Hans Richter, aliyeongoza Ring, mfululizo wa opera nne za Wagner, kwa mara ya kwanza kule Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876. Wapigaji walimjua Richter kwa miaka mingi. Huyu mgeni angewaambia nini?

Mahler alipewa Lohengrin, opera ya Wagner, tarehe 11 Mei, na zoezi moja tu. Hapa ndipo ninapokaa sana darasani. Opera hii huanza na fidla zilizogawanywa makundi, ziko juu kabisa, zinapiga polepole na kwa sauti ya chini sana. Hakuna ngoma wala tarumbeta ya kumficha mwongozaji. Mkono ukisita kidogo, kila mtu ukumbini anausikia. Tena okestra ile iliijua kazi nzima kwa moyo, kwa hiyo kuwafundisha noti kungekuwa kupoteza muda wao. Kwa zoezi moja huwezi kurekebisha kila kitu. Unachagua sehemu chache, hasa pale mwendo unapobadilika, unaonyesha unasikia nini, kisha unawaamini usiku. Mwongozaji anayesimamisha okestra kila baada ya mistari miwili ili aonekane anajua huwapoteza wapigaji kabla ya mapumziko. Mahler aliwapata jioni hiyohiyo, na wasikilizaji pia.

Juni aliugua koo kwa jipu. Julai akafanywa naibu wa Jahn, na Agosti, msimu ulipofunguliwa, akaongoza Ring yote.

Kisha ikaja Dalibor, opera ya Smetana, tarehe 4 Oktoba, sikukuu ya mtakatifu ambaye Mfalme Mkuu aliitwa kwa jina lake. Mwaka ule Austria ilikuwa inatokota: amri za Waziri Mkuu Badeni za mwezi Aprili ziliipa lugha ya Kicheki nafasi sawa na Kijerumani katika ofisi za Bohemia, jimbo lenye Wacheki wengi, na Wajerumani wenye siasa za utaifa walikuwa wamewaka. Onyesho jipya la kwanza la Mahler likawa la mtunzi Mcheki, siku ya heshima kubwa. Naamini aliichagua kwa sababu ya muziki wake, lakini asingeweza kutojua maana yake mitaani. Siku nne baadaye, tarehe 8 Oktoba, alithibitishwa kuwa mkurugenzi.

Alichofanya na cheo hicho kinaonyesha mtunzi alivyofikiri. Majumba mengi yalizoea kukata opera za Wagner ili watu wawahi nyumbani. Yeye alivirudisha vipande vilivyokatwa. Mtunzi anajua kwamba kipande unachokiona kirefu ndicho kinachokipa uzito kipande kinachofuata. Aliwazuia waliochelewa wasiingie muziki ukiendelea. Akapambana na wapiga makofi wa kulipwa, kundi ambalo waimbaji walilipa ili lishangilie kwa wakati uliopangwa. Kwetu, katika taarabu, kumtuza mwimbaji katikati ya wimbo ni sehemu ya wimbo wenyewe, na wapigaji huacha nafasi kwa ajili yake. Shangwe ile ya Vienna ilikuwa imenunuliwa, na ilivunja sentensi ya muziki mahali ambapo mtunzi hakuweka pumzi. Nakubaliana naye kabisa.

Richter aliondoka mwaka 1900 kwenda Manchester. Waimbaji wapya waliingia: Anna von Mildenburg kutoka Hamburg, Marie Gutheil-Schoder, Leo Slezak. Hayo yanasimuliwa sana, siyarudii.

Ninalotaka wanafunzi wangu walione ni daftari la mtunzi. Viangazi vya 1897 na 1898 havikuzaa simfoni yoyote. Jumba lile lilionyesha opera tofauti karibu kila usiku, kuanzia Agosti hadi Juni, na mkurugenzi alibeba waimbaji, mavazi, mikataba na barua za ikulu. Kiangazi cha 1899, huko Aussee, Austria, Simfoni ya Nne ilianza kumjia likizo ikiwa inaisha, ikabidi aiache na kurudi kazini.

Hapo akabadilisha mpango. Kando ya ziwa Wörthersee, Maiernigg, alijengewa kibanda msituni cha kutungia peke yake, na mwaka 1900 akaimalizia simfoni humo. Tangu hapo kiangazi kilikuwa cha kuandika rasimu, na majira ya baridi ya kuisafisha na kuigawia ala, asubuhi kabla ya kwenda operani. Ya Tano, ya Sita, ya Saba na ya Nane zote zilizaliwa kwa utaratibu huo, akiwa bado mkurugenzi. Na ile ya Nne hakuizindua Vienna. Aliipeleka Munich, tarehe 25 Novemba 1901.